Alivyoinuka Mshiriki wa Saba

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Sahihisha, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Miaka thelathini na sita alifundisha darasa la tatu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto, mzazi wala mkaguzi wa elimu aliyepita mbele yake na kosa likamponyoka. Alimsahihisha mhubiri katikati ya mahubiri. Alimsahihisha hata mumewe akiwa mahututi, na marehemu alikata roho akiwa ameitaja siku ya juma inavyostahili.

Kwa hiyo kiharusi kilipompiga akiwa na miaka sabini na mmoja, kikamwachia mkono wa kulia usiosikia amri na mguu wa kuburuza, wapo walionong'ona kwamba leo na yeye kasahihishwa. Maneno hayo yalimfikia. Aliyaweka moyoni, kila neno pamoja na msemaji wake, na salamu zao akaacha kuitikia.

Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, akiwa bado kazini. Mwanawe wa pekee, msimamizi wa ghala, alitaka kumhamishia kwake, katika chumba cha nyuma kinachotazamana na mashine ya kufulia. Mwalimu alikwenda kukiona mara moja. Alikuta mkamwana wake ameshaamua kitanda kikae wapi, kioo kikae wapi, na mama mkwe alale saa ngapi. Alirudi nyumbani amefura, akaapa hatoki kwake ila kwa jeneza.

Mama na mwana walibishana hadi wakafika mahali pa kuwekeana masharti.

"Sikiliza, mama," mwana alisema. "Mtaalamu wa hospitali atakuja mwisho wa mwezi akupime. Akisema unaweza kukaa peke yako, sawa. Lakini ukianguka kabla ya hapo, hata mara moja, nakuja na gari. Hakuna mjadala."

"Na wewe ukianguka, nije na gari?"

"Mama, mimi sina kiharusi."

"Huna na adabu," alijibu, lakini sharti alilikubali.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene mwenye viatu vya raba, kazi yake kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli za kila siku: kufunga vifungo, kuchemsha maji kwa mkono mmoja, kuoga bila kushikwa. Mwalimu alimchukia tangu siku ya kwanza. Yeye aliyefundisha nusu ya mji kusoma, leo afundishwe kifungo! Somo lililomuudhi kupita yote lilikuwa la kuinuka kutoka sakafuni. Mtaalamu alimlaza chini kwenye mkeka wa hospitali, mbele za watu, akamwambia ajigeuze ubavu, atambae hadi kwenye kiti kizito, apige magoti, atangulize mguu mzima, kisha asukume. Alimrudisha chini mara sita. Mwalimu alinuna wiki nzima.

Ndipo akaja binti wa chuo kikuu. Huyo alikuwa akitafiti namna walimu wastaafu wanavyozeeka na kujifunza upya mambo waliyokuwa wakiyajua. Alikuja na kinasa sauti na fomu ya ridhaa ya kurasa tatu. Mwalimu aliisoma mara mbili, akasahihisha sentensi mbili kwa mkono wa kushoto, ndipo akasaini.

"Haya tutakayosema yatabaki baina yako na mimi, Mwalimu," binti alimhakikishia. "Hata jina halitaandikwa. Utaitwa Mshiriki wa Saba."

Sasa, mtu aweza kuwa mkali kama pilipili na bado akawa na njaa ya kusikilizwa. Binti aliuliza swali moja akanyamaza, na tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza Mwalimu swali halafu akanyamaza. Alisema saa mbili nzima. Alisema hata lile la kufichwa: kwamba ameshaanguka mara mbili, bafuni na jikoni, na mwanawe hajui.

Watafiti wa namna hii wana desturi yao. Mahojiano yakishaandikwa, maandishi hurudishwa kwa aliyehojiwa ayahakiki. Ni desturi nzuri, na binti aliifuata kikamilifu. Lakini simu ya Mwalimu ilikuwa ile ya vibonye, haifungui maandishi marefu. Binti akatazama kwenye fomu, akaona namba ya ndugu wa karibu, akatuma huko: "Tafadhali mfikishie mama ahakiki." Huyo ndiye msomi wetu. Siri ameifungia kwa jina la bandia, kisha akampelekea mtu yule yule aliyefichwa asiijue.

Siku ya kupimwa ikafika. Mtaalamu alikuwa amesimama jikoni na karatasi zake, Mwalimu akimimina maji ya moto kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukituliza kikombe. Mwana akaingia bila hodi, amekumbatia maboksi matupu.

"Ukurasa wa nne, mama," alisema, akaonyesha simu. "Bafuni na jikoni. Mara mbili! Na ukanitazama machoni ukaniambia mzima."

Mwalimu aliweka birika chini polepole. Ghadhabu ilimpanda mpaka midomo ikamtetemeka upande mmoja, ule ambao ugonjwa haukuugusa. "Mpigie huyo binti," alisema. "Aje sasa hivi."

Binti alifika akihema. Shikamoo yake haikuitikiwa. Mwalimu alikuwa ameshasomewa ukurasa wa nne mara tatu.

"Hapa umeandika nimeanguka bafuni. Halafu nukta nukta nukta. Halafu nimeanguka jikoni. Halafu nukta tena. Hizo nukta ni nini?"

"Nilifupisha, Mwalimu. Palikuwa na maelezo marefu... dakika kumi na moja hivi."

"Maelezo ya nini?"

Binti alitazama chini. "Ya kutambaa."

"Washa."

Sauti ya Mwalimu ikajaa jikoni. Alieleza alivyolala kwenye vigae vyenye maji, shavu chini, akajisemea kama yule mama mnene anavyomsemesha: geuka ubavu. Alieleza alivyotambaa hadi kwenye kiti, kikateleza, akakisukuma hadi ukutani, akaanza upya. Jaribio la nne alisimama. Ya jikoni alisimama mara ya kwanza. Mtaalamu alisikiliza huku amejiziba mdomo, machozi yanamlengalenga, na lile la unene hakulijali.

Sauti ikaendelea: "Mwanangu sikumwita. Ningemwita angekuja na maboksi. Yule haogopi mimi kufa. Anaogopa nife mbali, watu wamseme."

Mwana alikuwa bado ameyakumbatia maboksi yake. Uso ulimshuka. "Ndivyo unavyonifikiria, mama?"

"Ndivyo nilivyosema nikiamini husikii."

Mtaalamu alijikohoza. "Kaka, mimi kwangu aliyeweza kuinuka mwenyewe anaweza kukaa mwenyewe. Tutamfungia vyuma vya kushikia bafuni. Ndivyo nitakavyoandika."

"Andika," mwana alisema kwa uchungu. "Ila akianguka mara ya tatu, msiniite."

"Ya kwanza na ya pili nilikuita?" Mwalimu aliuliza.

Mwana alitoka na maboksi yake. Gari liliondoka kwa kishindo, na Mwalimu alisikiliza mlio wake mpaka ulipopotelea barabara kuu. Moyo ulimuuma. Alikuwa ameshinda, na ulimuuma kama wa aliyeshindwa.

Binti alipiga magoti kando ya kiti chake. "Nisamehe, Mwalimu. Nimekosa, nimekosa mara mbili. Lakini nakuomba, zile dakika kumi na moja niziweke kwenye utafiti. Zote, bila nukta. Sijapata kitu bora kuliko hicho kwa miaka miwili."

"Najua," Mwalimu alisema. "Fomu yako, ukurasa wa tatu, inasema naweza kujitoa wakati wowote."

"Mwalimu, tafadhali..."

"Miaka miwili unazunguka ukiuliza wazee wanaishi vipi. Mmoja akakwambia, ukaona ni maneno mengi. Futa."

Binti alimtazama mtaalamu, kama vile huko kutatoka msaada. Haukutoka. Basi akakishika kile kinasa sauti, akabonyeza, na Mwalimu akainama na miwani yake kuhakikisha kwamba hakuna kilichobaki.