Nilipewa Paswedi ya Rafiki Yangu Nimpangie Kozi

Nimekosa, jamani. Sitamsingizia shetani, maana siku ile shetani hakuwepo. Nilikuwepo mimi na kompyuta ya maktaba. Jina langu nalificha, na la rafiki yangu pia. Nitamwita Lusekelo.

Tulisoma digrii ya sayansi ya siasa, chuo kimoja hapo Iringa, tukiishi chumba kimoja. Kwao ni Ubaruku, kwenye mpunga. Mimi nilikuwa kiongozi wa darasa, mwenye mdomo. Yeye mpole, ila akili yake inatisha. Kila jaribio likirudi yeye wa kwanza, mimi wa pili. Mhadhiri mmoja mpaka namaliza alikuwa ananiita "yule rafiki wa Lusekelo". Iliniuma sana, na sikumwambia mtu.

Pale chuoni kulikuwa na kitu tunakiita ramani. Ni karatasi ambayo wanaomaliza wanawaachia wanaofuata: kozi gani uchukue muhula gani, mwalimu yupi mkali, kozi ipi ya kuchagua inatoa A bila jasho. Ramani yetu ilisema Mbinu za Utafiti uikwepe, ni ngumu na si ya lazima.

Mwaka wa pili, muhula wa pili unafunguliwa, Lusekelo bado yuko kwao anaamia ndege wasile mpunga. Mpunga ukishatoa masuke, kweleakwelea wanaweza kumaliza shamba kwa siku chache, hivyo nyumba nzima inahamia shambani. Akapanda kwenye tuta ambako mtandao unashika, akanipigia.

"Kaka, nipangie na mimi kozi. Paswedi yangu unayo. Fuata ramani, weka kama ulivyojiwekea wewe."

Nikampangia. Kozi zake na zangu zikawa sawasawa. Hapo sikuwa na ubaya wowote, Mungu ni shahidi.

Siku ya mwisho ya kubadilisha kozi nikapita kwenye ubao wa matangazo. Kulikuwa na tangazo jipya la idara. Kuanzia mwaka huo Mbinu za Utafiti ni ya lazima, na inafundishwa muhula huu tu. Asiyeisoma hatapewa msimamizi wa utafiti mwaka wa tatu, na bila utafiti huhitimu. Mfumo unafungwa saa kumi jioni.

Nikakimbia maktaba. Saa tisa na nusu nilikuwa nimesharekebisha za kwangu. Nikaingia kwenye akaunti ya Lusekelo. Jina lake likaja, kozi zake zikaja. Ilibaki kubonyeza mara mbili tu!

Sikubonyeza. Niliwaza, huyu akichelewa mwaka mmoja, wa kwanza atakuwa nani? Nikakaa naangalia saa ya ukutani mpaka kumi ikapita. Halafu nikaenda kunywa chai na chapati, na nikashiba. Kule kushiba ndiko kunakonitisha mpaka leo.

Aliporudi alishangaa kuona naingia Mbinu za Utafiti na wenzetu.

"Mbona mimi simo?"

"Wametugawa makundi mawili. Kundi lako mwakani. Tulia, bwana."

Matangazo yote ya darasa yalipitia kwangu, kwa hiyo akaamini. Tena akawa ananisubiri nje, ananakili daftari langu ili mwakani asihangaike. Maskini!

Toka hapo niliishi kama mtu aliyeacha moto shambani akijua upepo unakuja. Mama yake alikuwa anatuletea mchele mwenyewe. Anatuambia, "Someni, wanangu. Nataka nimwone Lusekelo na joho kabla sijafa." Nami naitikia, "Amina, mama." Nilisema amina!

Mwaka wa tatu orodha ya wasimamizi ikabandikwa. Akaipitia kwa kidole mara tatu, jina lake halimo. Akaenda idarani. Alitoka huko akanifuata chumbani.

"Wamesema kundi la pili halijawahi kuwepo."

"Hao si unawajua? Wanabadilisha mambo kila siku."

"Sawa, kaka," akasema. Basi. Hakuniuliza tena, nami nikajidanganya kwamba yameisha.

Siku ya mahafali yangu mama yake alikuja. Mwanawe amekaa kwenye viti vya wageni, yeye ananipigia mimi vigelegele! Mwaka uliofuata Lusekelo naye akavaa joho, lakini mama alikuwa kaburini miezi minne. Ule mwaka mmoja ndio niliomnyima. Nilienda kumzika Ubaruku, na ndugu wakanisimamisha niseme neno kwa niaba ya marafiki wa marehemu na mwanawe. Nikasema.

Sasa niko Mbeya, nina kazi. Wali sili tena, haushuki. Wiki hii Lusekelo kanitumia ujumbe:

"Kaka, mdogo wangu wa kike amepata chuo kilekile, digrii ileile. Paswedi yake hii hapa, mpangie kozi. Ila safari hii ukifungua ukurasa, usikae tu unautazama."

Niliurudia mara tatu ndipo nikaelewa. Kumbe mfumo huandika kila anayeingia na saa aliyoingia, na siku ile idarani walimwonyesha! Alijua akinipa hongera siku ya mahafali yangu. Alijua nikisimama mbele ya jeneza la mama yake.

Wewe unayesoma chuo, nakusihi, kozi zako panga mwenyewe, na ubao wa matangazo usome kwa macho yako. Kikulacho ki nguoni mwako. Na wewe uliyeaminiwa paswedi ya mwenzako, ukisikia wivu unakunong'oneza, inuka hapo, mwite mtu mwingine ashike hiyo kompyuta.

Sijamjibu. Ameshaona kwamba nimesoma. Usajili unafungwa kesho saa kumi jioni, jina la yule binti liko mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta, na safari hii kuna mtu anaangalia saa pamoja nami.