Kukonda kwa Ajili ya Kikombe

Mwaka niliokuwa na afya njema kuliko wakati wowote wa maisha yangu, jirani zetu wa Mtopanga walianza kuja kuniaga.

Sikujua kwamba wananiaga. Nilidhani watu wamekuwa wema. Kijana mmoja tuliyekosana naye tangu tukiwa chuoni, tukisoma Kurani, alinijia baada ya sala ya alasiri, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ndugu yangu, kama kuna nililokukosea, nisamehe. Dunia mapito." Nikamsamehe papo hapo, nikarudi nyumbani nikijiona mtu mwenye haiba. Mama mmoja jirani alileta supu ya kuku, akaiweka kizingitini bila kuingia. Nyumba nyingine nilikopita kuomba maji, nilipewa kwa kikombe cha bati, na nilipotaka kukirudisha nikaambiwa nende nacho, ni changu. Nikashukuru.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, na kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna aliyeutaja jina. Watu waliutazama mashavuni tu. Mtu akibonyea mashavu, sauti zilishuka alipopita.

Mimi mashavu yangu nilikuwa nayabonyeza kwa makusudi.

Nilikuwa nanyanyua vyuma. Mahali petu pa mazoezi palikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba ya mtu mmoja wa bandarini tuliyemwita Kocha, na vyuma vyenyewe vilikuwa ekseli ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa simiti. Kocha alikuwa na banda na sauti kubwa; mafunzo niliyatafuta mwenyewe, katika majarida makuukuu ya Kizungu yaliyouzwa chini kando ya barabara. Nilichokisoma nilikifuata kwa hofu ya mtu aliyepewa dawa kali. Jarida likisema miguu iachane kwa upana wa mabega, nilichora mistari miwili sakafuni kwa chaki, nikaipima kwa rula. Wenzangu walinyanyua, wakataniana, wakaenda zao. Mimi nilibaki nikijiuliza kama goti la kushoto limekunjika sawasawa na la kulia.

Yakatangazwa mashindano katika ukumbi mmoja wa Changamwe, kikombe kwa mshindi wa kila uzani. Katika uzani wangu kulikuwa na hamali wa Likoni, msukuma mkokoteni, aliyenyanyua bila kufikiri, na kule kutofikiri kulinitisha kuliko nguvu zake. Nikapiga hesabu: nikipungua kilo sita, ningeshuka uzani wa chini, ambako nilijua hakuna wa kuniogofya. Sikutaka sana kushinda. Nilitaka nisishindwe. Hayo ni mambo mawili, na mtu aweza kuumaliza ujana wake kabla ya kuyatenga.

Kwa sababu hiyohiyo sikumwambia mtu. Mtaa usipojua kwamba nimeshindana, hautajua kwamba nimeshindwa. Aliyejua ni Kocha peke yake.

"Kilo sita?" alisema. "Wazitoa wapi? Mwili wenyewe huo si wa kutolea sadaka."

"Nitakimbia."

"Basi kimbia na nailoni ndani ya nguo. Na ukikaa, tema mate. Mate ni maji, na maji ni uzani."

Nikafuata, maana nilikuwa mtu wa kufuata. Jua la adhuhuri lilinikuta kwenye barabara ya kwenda Mwakirunge nimevaa sweta mbili na nailoni ndani yake, natiririka jasho. Nyumbani nilikaa na kopo la kutemea mate kando ya kitanda. Wali nilikuwa nauchungulia tu. Na kila asubuhi nikitoka msikitini nilipitia duka la nafaka, nikapanda juu ya mizani ya magunia. Mwenye duka alisubiri nishuke, akaiandika namba kichwani mwake. Jasho, mate, kukosa hamu ya chakula, kujipima kila uchao: kama kulikuwa na dalili niliyoisahau, haikuwa kwa uvivu.

Na wakati wote huo posa yangu ilikuwa nje, inangoja jibu.

Mamangu na ami yangu walikuwa wamenipelekea posa kwa jamaa wa Kisauni, kwa binti ambaye nilikuwa nimemwona mara chache na kumfikiria mara nyingi. Kwetu, ukishaposa, watu wa mwanamke hawakuulizi wewe, wanakuulizia. Wanapita dukani, msikitini, kwa majirani, wanatia neno hapa na pale katika maongezi ya mambo mengine. Nilijiandaa kwa hilo kama nilivyojiandaa kwa kila kitu. Nilisali safu ya mbele. Niliacha kusimama na wala miraa pale kona. Niliwasalimu wazee hata waliokuwa mbali, wasionisikia. Nikaona kwamba hakuna pa kunishika. Na binti huyo, nakiri sasa, ndiye aliyekuwa nyuma ya haya yote: nilitaka posa ijibiwe nikiwa na kikombe mkononi, ili wasije wakanipima kwa mengine.

Mamangu aliniuliza mara moja tu waziwazi.

"Mwanangu, twende hospitali."

"Sina kitu, mama."

"Ndivyo wasemavyo wote," alisema, akatoka haraka kwenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka.

Siku moja kabla ya mashindano, mjomba wa yule binti alikuja kwetu baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kuzungumza kama anayepita mahali penye utelezi. Mamangu alikuwa amepika biriani tangu asubuhi. Mimi nilikuwa bado nimezidi kilo moja, na hiyo kilo moja nilipanga kuimaliza kwa kutotia kitu mdomoni mpaka kesho yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Afya?"

"Alhamdulillahi."

"Kifua?"

"Salama."

"Usingizi wapata?"

"Napata, mjomba."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata jibu moja.

Sinia ikaja. Ambaye hakulelewa kwetu huenda haoni ubaya wa sinia, lakini hakuna chombo kisicho na siri kama hicho. Kwenye sahani unaweza kuutandaza wali ukaonekana mdogo. Kwenye sinia kila mtu hula mbele yake, na mbele yake hupungua au hapapungui. Mbele ya mjomba palikuwa pameshaingia pango. Mbele yangu kilima kilikuwa kizima, na alama za vidole vyangu ubavuni kama za mtu aliyebisha hodi akaondoka. Mjomba akachagua nofu zuri la nyama, akalisukuma upande wangu. Nikalitazama. Mamangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika mdomo kwa upindo wa leso.

"Mwanangu," mjomba akasema taratibu, "sisi si watu wa kumkimbia mgonjwa. Maradhi ni ya Mungu. Ila ndoa ni jambo jingine, na binti ni amana. Sema tu, hapa hapana mgeni."

Hapo ndipo nilipoyaelewa yote, supu, msamaha, kikombe cha bati. Yaliniingia kwa pamoja. Nikaogopa mpaka nikasema kweli, jambo ambalo sikulipangia. Nikamwambia vyuma, Changamwe, hamali wa Likoni, nailoni, mate. Nilieleza vizuri sana. Nadhani hata lile jambo la mistari ya chaki nililitaja.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo huumwi."

"Siumwi, wallahi."

"Na njaa unayo."

"Ninayo, mjomba. Sana."

"Na biriani ndiyo hii, ya mamako, na wewe waiona."

"Naiona."

Akashusha pumzi. "Ungekuwa mgonjwa ningekuombea dua nikaenda zangu, na nyumbani wangeelewa. Sasa nitawaambia nini? Kwamba kijana ana njaa, ana chakula, na hali, kwa sababu ya kikombe? Je, akioa akamwona mkewe, na siku hiyo kuna kikombe?"

"Mwambie, ndugu yangu!" mamangu akasema pale mlangoni. Alikuwa analia na kucheka. "Mwambie! Miezi mizima mimi naomba dua kumbe mtu yuajifunga nailoni!"

Niliitazama ile sinia. Nilijua uzani wangu mpaka gramu, na nilijua kwamba tonge la kwanza litanipeleka kwa yule hamali. Nilijua pia kwamba mjomba hanihimizi. Alikuwa ameshauondoa mkono wake siniani, amekaa tu, kama mtu anayengoja basi asiyejali litakuja lini.

Nikala. Nilikula kilima changu, nikalila lile nofu, nikavuka mpaka nikaingia upande wake, na hakuna aliyenizuia ila mara moja mjomba aliposema, "Taratibu, mwanangu, ina mifupa."

Kesho yake Changamwe mizani ilinikataa, nikaandikwa katika uzani wa hamali. Tulikuwa watu watatu. Jukwaani hapakuwa na chaki, na sikuikumbuka. Nilinyanyua chuma ambacho kwa Kocha sikuwahi kukitoa sakafuni, na nikawa wa tatu. Aliyeshinda uzani wa chini alinyanyua chuma chepesi kuliko changu. Nimelipima jambo hilo kwa miaka: kama ningeshuka, ningekuwa na njaa, na njaa isingeniruhusu kunyanyua kile ambacho kingenipa kikombe. Hesabu haifungi, na ilinisumbua kuliko kushindwa kwenyewe.

Hamali alinipiga bega. "Ulikuwa wapi siku zote wewe? Kula, bwana. Mwakani utanisumbua." Niligeuka nikamwona mjomba amesimama nyuma ya ukumbi kwa kanzu yake safi, anapiga makofi peke yake.

Jibu la posa alilileta mwenyewe, Jumatatu jioni. Hakukaa.

"Wamekubali," alimwambia mamangu. "Binti kaambiwa kisa chote, kacheka mpaka akakaa chini, kisha kasema sawa. Ila babake ana sharti moja: harusi isije ikakaribiana na mashindano." Akanigeukia. "Mengine ni lini?"

"Hakuna mengine, mjomba," nikasema, na wakati nikisema nilikuwa nasema kweli.