Swali la ATP Iliyomwagika

Miaka ya sabini nilisoma kidato cha tano katika shule ya wasichana huko Iringa. Niliyekaa naye dawati moja alitoka Usangu, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Wenzetu walisema ananuka maziwa. Nilicheka pamoja nao, na jioni nikaazima madaftari yake.

Siku moja mwalimu wa baiolojia alitufundisha kuhusu ATP. Alisema ndiyo kemikali inayoipa seli nguvu, na kazi yake yote iko ndani ya seli. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Seli ikipasuka si itamwagika nje? Seli za jirani hazitajua?" Mimi niliogopa kuuliza. Yeye akanyoosha mkono, akaniulizia.

Mwalimu akamwita mbele.

"Weka mkono mezani." Akashika rula ya mbao kwa ubavu, akampiga kwenye vifundo vya vidole. "Haya, seli zimepasuka. Jirani wamejua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Akampiga tena. "Wamejua?" Lilipofika pigo la saba au la nane, aliyekuwa akicheka ni mwalimu peke yake.

Kisha akanigeukia. "Wewe unakaa naye. Ujinga huu kautoa wapi?"

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Labda zizini kwao."

Mwenzangu hakunitaja. Vidole vilivimba, akashindwa kushika kisu cha kupasulia kwenye mtihani wa vitendo wiki ile, akapewa sifuri. Muhula uliofuata hakurudi. Kazi yake ya kumsaidia mtunza maabara nilipewa mimi, na niliifurahia.

Nami nikawa mwalimu wa baiolojia. Nilipokaribia kustaafu, basi nililopanda lilisimama Uyole, nikamkuta yule mwenzangu wa dawati anauza viazi. Alinitambua kabla sijamtambua. Badala ya kumwomba samahani, nikaanza kufundisha.

"Ni kweli, dada, jirani wanajua. Neva zina vijilango. Kila kimoja ni vipande vitatu vya protini vilivyosokotana, na katikati pana tundu lililobanwa. Vipande vinapokutana, upande wa nje, pana vishimo vya kupokea ATP. Seli ya jirani ikipasuka, ATP inaingia vishimoni, vipande vinaachana, tundu linapanuka. Sodiamu na kalsiamu zinapita, neva inapeleka maumivu. Ndiyo maana vishimo viko nje. Vingekuwa ndani, ambako ATP imejaa muda wote, mlango usingefungwa kamwe."

Alinisikiliza huku akipanga viazi ndani ya ndoo, vikubwa juu, vidogo chini. Kondakta alikuwa ameanza kuita abiria.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nipishe, mama. Kuna wateja nyuma yako."