Nilivyomzika Mtunzi Akiwa Hai

Jamani, bado nina aibu. Studio yangu hapa Nyeri hurekodi kwaya za kanisa, lakini juzi mwimbaji aitwaye Nyambura alitaka kurekodi nyimbo zote za mtunzi mmoja Mmarekani. Muziki ulikuwa mzito, na mimi mjuaji nikaamua kwamba mwenyewe alishakufa zamani.

Katikati ya wimbo, mzee Mzungu akafungua mlango. "Polepole hapo," akamwambia Nyambura kwa Kiswahili cha kuokoteza. Nikadhani ni mtalii aliyepotea akitafuta Naro Moru.

"Ati polepole?" nikafoka. "Mzee, mwenye nyimbo hizi ni marehemu. Tumheshimu!"

Nyambura akajifunika uso. Mzee akanitazama kwa wasiwasi, akauliza, "Kwani nilikufa lini?"