Buloni Ndani ya Mufuko

Ilikuwa mwaka wa 1974. Hapana, nisidanganye watu: mwaka ule nilikuwa bado Kabalo, ninapakia magunia ya muhogo kwenye treni. Ni 1976, Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya serikali, muji muzima wa Kalemie umetolewa nje kufagia barabara.

Nilifagia karibu na Papa Onésime. Kwenye karatasi za serikali jina hilo la Kizungu lilikatazwa, lakini pwani hakuna aliyemwita vingine. Alizeekea katika karakana ya reli, na alipopumzishwa akaanza kutengeneza milingoti ya mashua. Mikono mikubwa, sauti ndogo. Kila akimaliza mulingoti alipanda mashuani mwenyewe, akakaa chini ya mulingoti huo, mashua ikazunguka kidogo mbele ya bandari. Abiria hawakuingia mpaka yeye ashuke.

Juma lile alibadilisha pete ya chuma kichwani mwa mulingoti wa mashua ya nahodha Kalenga, ile inayoshika waya za kuusimamisha. Ijumaa jioni buloni mpya, bolti ya kufunga pete, ikakataa kuingia tunduni. Akarudisha ile ya zamani, iliyoliwa na kutu, ishikilie tu mpaka asubuhi. Mpya akaenda nayo nyumbani kuipiga tupa.

Basi tunafagia, tukaona tanga limefunguka nyuma ya maghala.

"Angalia Kalenga," nikasema, "anakimbia ufagio!"

Kumbe Kalenga aliona pete mpya inang'aa, akadhani kazi imekwisha, akaondoka bila kungoja jaribio la fundi. Papa Onésime hakucheka. Aliingiza mukono mufukoni, ukakaa humo.

"Papa, kuna nini?"

"Hakuna."

"Yule wa kitambaa chekundu, si binti yako Bertille?"

"Ndiyo, njo yeye. Anakwenda Moba kwa shangazi yake."

Mashua ilikuwa karibu sana. Tulisikia abiria wakicheka, mama mumoja akigombeza kuku wake. Na barabarani watu kama mia, wote wanamujua fundi.

"Sitwaye, mwananchi, barabara haijifagii!" musimamizi akapiga kelele.

Papa Onésime akafagia. Alifagia pahali pamoja tu, mpaka udongo mwekundu ukatoka. Tanga lilipokuwa dogo kama ukucha, ndipo akanionyesha buloni.

Siku nne upepo wa kusini ulivuma. Kila mashua iliyoingia aliiuliza habari. Nyumbani muke wake, Mama Adrienne, akamuuliza mbele yangu, "Mulingoti ule ulimaliza?"

"Pete ni nzuri," akajibu, akasukuma sahani.

Siku ya tano walirudi kwa makasia, tanga limekunjwa. Buloni ya zamani ilipindika kama kidole. Kalenga alisikia mulingoti unalia, akashusha tanga kabla haujaanguka. Bertille akashuka na maharagwe kichwani.

"Papa, mbona umekonda hivi?"

"Fundi!" Kalenga akapayuka. "Chuma chako cha reli kimezeeka kama wewe!"

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akapanda mulingoti, akaweka ile buloni mpya. Iliingia mara moja.

Tulikaa majirani miaka mingi baadaye, katikati ya safari zangu. Nilimuuliza mara tatu, ya mwisho akiwa amelala mugonjwa, naye kila mara akatazama ukuta: Papa, tulikuwa tunawasikia hata wanavyocheka. Kwa nini hukuwaita?