Kisogo cha Njia

Mwanangu, sogea karibu, maana sikio langu moja limekwisha kuniaga. Jana ulirusha ndege peke yako, bila mwalimu, kutoka Tanga kupitia Korogwe mpaka juu ya Handeni yetu hii, ukarudi salama. Kila nikikutazama leo, naikumbuka siku moja nilipotumwa njia hiyohiyo peke yangu, kwa miguu, enzi za Mjerumani.

Nilikuwa kijana najifunza ukirangozi. Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara wa wapagazi. Akipotea yeye wamepotea wote, na kiu ya porini haina msamaha. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mdoe, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Alinifundisha kufunga njia: ukifika njia panda, unavunja tawi bichi na kulilaza kwenye njia usiyoifuata, ili wa nyuma wasiingie huko. Kazi hiyo niliiweza upesi, nikavimba kichwa. Siku moja akanishika bega, akanigeuza nitazame tulikotoka.

"Hapa unapajua?"

Wallahi, sikupajua! Na tulikuwa tumepita hapo muda si mrefu.

"Njia ina uso na kisogo," akasema. "Wewe umezoea kuitazama usoni tu. Sasa utarudije?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu naipenda. Nikalishika neno.

Wakati wa kunipima ulipofika, alinituma toka hapa mpaka Korogwe peke yangu. Nikirudi, msafara ni wangu. Nikipotea, hata kama nitaokotwa nikiwa hai, hakuna mpagazi atakayeiweka tena roho yake nyuma ya mgongo wangu. Basi nikafunga kila panda, na kila baada ya mwendo mfupi nikawa nageuka nyuma kama mwizi wa kuku. Nikavuka mto Pangani. Pale Korogwe nikaliona garimoshi kwa mara ya kwanza, likiingia kutoka upande wa Mnyuzi. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye meno yangu. Nilisema Subhanallah, nikasahau hata njaa.

Wakati wa kurudi, jua likiwa utosini, njia ikagawanyika mbele yangu. Nilipokuwa nakwenda sikuona panda pale! Kumbe njia nyingine ilikuja kuungana na yangu kwa nyuma, nami macho yangu yalikuwa mbele. Hapakuwa na tawi, maana huwezi kufunga njia usiyoiona. Pori lote lilikuwa kimya, nikajiona mdogo kuliko siafu. Ndipo nikakumbuka: nilipogeuka hatua chache baada ya hapo, majani yakiificha ile njia nyingine, njia yangu ilikuwa inapita kati ya kichuguu chekundu na mkwaju uliopigwa na radi. Nikavitafuta kwa macho, nikaviona, nikashika njia hiyo huku nacheka peke yangu.

Mzee Mdoe alikuwa ananingoja mwisho wa mashamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kisogo chake kikoje?"

Hakuuliza habari za Korogwe wala za garimoshi. Nikamweleza kichuguu na mkwaju. Akavua baragumu lake la kuitia msafara, akanivisha shingoni.

Sasa jana ulipopita juu yetu, kina mama walitoka mashambani wakipiga vigelegele, nami nikavua kofia. Nililia, mwanangu, wala sioni haya kusema. Damu yangu, angani, peke yake! Na leo ulipofika umeniambia, "Babu, wakati wa kurudi mawingu yalifunika milima ya Usambara, nikawa sijui niko wapi. Lakini nilipokuwa nakuja niliinamisha ndege nikatazama nyuma, kama unavyoniambia tangu utotoni. Nikaujua mto kwa kona zake."

Kule juu hakuna tawi la kufungia njia. Na bado neno la mzee aliyekwisha kuwa udongo limekushusha salama.

Basi shika haya. Unapokwenda mbele, geuka utazame ulikotoka ungali unapaona. Usingoje siku ya kurudi, siku hiyo huja na mawingu yake. Na mtu akikushika bega akugeuze, usimkunjie uso. Haya, nenda. Mungu akufungie kila njia isiyo yako, na iliyo yako akuonyeshe uso wake na kisogo chake.