Daktari na Gari Lake la Umeme

Nasimiyu, mlinzi wa maegesho ya duka kubwa, alimtambua daktari kwa blanketi. Nyumba aliyopanga mtaa wa Abu Hamour, huko Uarabuni, haikuwa na pa kuchajia, basi kila asubuhi ya baridi ya Januari daktari huyo wa meno, Mkenya mwenzake, alifika amejifunika magoti, hita kaizima kubania chaji. Alichomeka waya kwa mikono miwili, akalinong'oneza gari, "Kula, baba." Nasimiyu alimcheka.

Siku moja Faridah wa usafi alishikwa na uchungu wa kuzaa, ambulensi ikachelewa. Daktari akachomoa waya, akampakia Faridah garini ampeleke hospitali, akamfunika blanketi na kufungulia hita yote.

"Daktari, chaji ni asilimia tisa!" Nasimiyu alimwonya.

"Mtoto hazaliwi kwenye friji."

Mchana gari lilirudi limebebwa na lori, daktari akipunga mkono kama bwana harusi.

"Kazaa msichana!" akapaza sauti, akilionyesha gari kwa kidole. "Aliyezimia ni huyu mzee wangu tu."